Mama Hakuapa Upepo

Alhamisi, 12 Agosti 1948

Chai mara mbili, mkate wa mofa, gazeti la wiki iliyopita. Tahariri nimeipigia mistari yote. Mhariri anatushauri sisi wenyeji tuwe na subira. Nimeanza kumjibu. Ukurasa wa kwanza umetoka vizuri. Wa pili nimekatizwa na mama, anataka kamba ya kufungia kapu la tatu.

Safari ni Jumatatu. Tunakwenda Unguja kwa ndege, watu wanne: mama, mke wangu Mwanaisha, binti yetu Saumu, na mimi. Jomvu Kuu nzima inajua. Watu hunisimamisha njiani kuniuliza kama ndani ya ndege mtu hukaa ama husimama. Nimewajibu kwa ujuzi mwingi. Sijui.

Niandike kwa nini ndege, ili nikipandwa na hasira nisome hapa. Dada yake mama, Bi. Mize, yuko Unguja na macho yake yanakwisha. Barua ya mwezi uliopita ilisema jicho moja limekufa, na la pili linaona asubuhi tu. "Aje nimwone." Hawajaonana miaka ishirini na miwili. Mara ya mwisho mama alirudi kwa stima, akatapika safari nzima, wakamshusha Kilindini amebebwa kama gunia. Pale pale gatini akala kiapo kuwa hatapanda tena chombo cha maji. Amekishika. Hata feri ya Likoni hapandi. Mpwa wake aliolewa Likoni, harusi ya siku saba, mama akaketi upande huu wa kivuko akisikiliza ngoma zikivuka maji.

Nilipomtajia ndege nilitaraji vita. Akafikiri kidogo. "Mimi niliapa maji," akasema. "Upepo sikuuapa."

Mavuno ya minazi yamekwenda yote kwenye tiketi. Sijutii. Bado.

Kampuni imetuletea karatasi: kila abiria aandike uzito wake kwa ratili. Nikamwambia mama twende ghala la mbata, wanakopima nazi kavu, tukapimwe. Akasema yeye si mbata. Basi nikamkisia. Mwanaisha na Saumu pia nikawakisia. Wangu niliuandika bila kufikiri sana.

Ijumaa, 13 Agosti

Khalfani mwenye duka kanisubiri nje ya msikiti. Mtu huyu tangu mwaka jana hanisalimu sawasawa, kwa sababu ya makala yangu gazetini. Niliandika kwamba mwanamke mwenye akili, akienda njia ya salama kwa haja ya haki, hahitaji kuongozwa na mwanamume kama mbuzi. Nilitaja vitabu. Yeye hakutaja kitabu hata kimoja, alinuna tu. Leo kaniuliza ndege ikichoka hutua wapi. Nikamwambia hutua juu ya wajinga. Watu wakacheka. Nilifurahi mpaka nyumbani.

Jumamosi, 14 Agosti

Mizigo ya watu. Mila hii itatumaliza. Mtu akisikika anasafiri, kila mwenye ndugu huko humletea kitu cha kupeleka, na kukataa ni tusi. Tangu alfajiri mlango haujafungwa. Papa mkavu wa Bi. Zuhura, harufu yake imeingia mpaka vitabuni. Visheti. Doti za kanga. Chupa mbili za samli. Kinu kidogo cha mti, cha kupelekewa mtu aliyehama kabla ya vita vya kwanza. Kinu. Kwa ndege.

Nikasimama barazani nikawahutubia. Nikawaeleza kuwa ndege si punda, kwamba kila ratili ina hesabu yake, kwamba tabia hizi ndizo zinazoturudisha nyuma. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza mmoja akaniuliza, "Sasa Maalim, hii samli niiweke wapi?"

Mama hakuwa upande wangu. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Miaka yote hii, halafu niingie kwa dada yangu nikipunga mikono kama askari?"

Alasiri Saumu alipanga vikapu safu mbili, akamkalisha nyanya yake katikati, yeye akawa rubani. Ana miaka kumi na mmoja na sauti ya bawabu. Mama alifumba macho akashika kamba ya kapu kwa mikono miwili. Alipoambiwa wamefika akauliza, "Mbona nasikia kuku wa hapa hapa?" Nimecheka mpaka kalamu ikanianguka. Siku haikupotea yote.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimechoka na nimeghadhibika. Niandike kwa mpango.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri kwa gari la kukodi. Malori ya mafuta yalitumwagia vumbi njia nzima ya Changamwe. Kiwanja cha ndege cha Port Reitz tulifika saa moja. Ndege saa tatu. Saa tatu hakuna ndege. Saa tano hakuna. Saa saba hakuna ndege wala hakuna neno.

Wazungu waliwekwa verandani, viti vya kamba, vinywaji baridi. Sisi benchi moja nyuma ya ghala. Kivuli kikihama, nasi tunahama nacho. Kibao cha kusema tukae huko hakikuwepo. Karani alinyoosha mkono tu, nasi tukaenda. Hilo linaniuma kuliko mengine yote. Mimi, niliyeandika niliyoyaandika, nilionyeshwa kidole nikaenda.

Karani ni kijana wa Kirabai, jina lake Elija. Shati jeupe, adabu tele, habari hana. Nikamwuliza ndege iko wapi.

"Iko njiani, Maalim."

"Njia gani?"

"Ya juu."

Nikamsomea tiketi ya kampuni yake mstari kwa mstari, kwa sauti. Watu wa verandani wakageuza vichwa. Mwanaisha akanivuta kanzu. Sikunyamaza.

Kitu kizuri cha siku nzima: mahamri na mbaazi za Mwanaisha. Tulipofungua chombo mama alimwita Elija yule yule. "Njoo ule, mwanangu. Huyu usimjali, ndivyo alivyoumbwa." Akaja. Akala akiwa amesimama, mgongo ameupa veranda.

Saa tisa akatuambia Tanga kuna mawingu, ndege haiji, tuje tena Jumatano. Tukarudi na vikapu vyetu vyote. Bi. Zuhura alikuwa mlangoni kwake. Aliona papa wake akirudi.

Mama hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu. Kama siku mbili ni nyingi kwa jicho.

Jumanne, 17 Agosti

Khalfani alikuja kabla ya chai, jambo ambalo hajalifanya mwaka mzima. Kaja kunipa habari. Jana saa kumi, yeye akiwa Changamwe kununua sukari, aliona ndege ikitua Port Reitz na kupaa tena. Alinieleza polepole, kwa furaha.

Saa moja tu baada ya sisi kufukuzwa.

Nimekaa nikaandika kurasa sita kwa mhariri. Sijaandika vizuri namna hii tangu ujana. Nimeuliza ni mawingu ya namna gani yanayomzuia mwenye kanzu na kumpisha mwenye kofia ya Kizungu. Nimemwita karani kibaraka wa shati jeupe. Nikatia muhuri.

Mwanaisha alisimama mlangoni. "Ungengoja turudi kwanza."

"Ukweli hauna ratiba, Mama Saumu."

"Lakini ndege inayo."

Nikaenda posta kwa miguu nikaitia barua mwenyewe. Nilipokuwa njiani kurudi nikafikiri kuwa huenda ana haki. Sikumwambia.

Jumatano, 18 Agosti

Saa kumi alasiri. Niko peke yangu nyumbani.

Tulifika kiwanjani mapema tena. Nikamvamia Elija kwa habari ya Jumatatu. Hakukana. Alisema aliambiwa atuambie vile, na aliyemwambia alikuwa amesimama nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nikamwambia anayeusema uongo wa mwenzake ameununua. Akasema, "Ndiyo, Maalim."

Ndege ilikuwepo. Ndogo, viti sita, viwili vimekwishachukuliwa. Mimi nilidhani ni kubwa kama stima. Mama aliitazama akasema inafanana na panzi wa chuma.

Kisha mizani. Mizani ya jukwaa, kama ile ya ghala la mbata, imewekwa uwanjani mbele ya wanaume wote. Kila abiria apande. Nikaanza kuzozana. Mwanaisha hakungoja nimalize. Alikunjua kanga akaishika kama pazia, Elija akageuza uso, Saumu akaingia ndani kusoma mshale. Yeye mwenyewe ratili sabini na mbili. Mamake mia na thelathini na tano. Kisha nyanya yake.

"Mia moja na hamsini na sita," Saumu akatangaza.

Mama yangu ni mwembamba kama ufito.

"Mama, una nini humo?" nikauliza kutoka nje ya kanga.

"Nina mambo yangu."

Mambo yakatoka moja moja. Kanga doti tano, amezivaa moja juu ya nyingine. Chupa mbili za samli kiunoni. Papa wa Bi. Zuhura amezungushwa tumboni kwa kitambaa. Na kile kinu, amekifunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga, buibui juu yake. Jumatatu alinisikia nikisoma tiketi kwa sauti, akafahamu kuwa mzigo una kikomo. Tiketi haikutaja kwamba mwili nao utapimwa kiwanjani. Elija alikuwa bado ametazama pembeni, mabega yakimtikisika.

Bila hayo yote mama ni mia moja na tatu.

Zamu yangu. Kwenye karatasi nilijiandikia mia moja na sabini. Mshale ulikwenda, ukapita, ukaendelea. Mia mbili na thelathini na moja. Saumu aliisoma kwa sauti ile ile ya bawabu.

Rubani alikuja na karatasi zetu. Mzungu mwekundu, hana matusi, hana muda. Alipiga hesabu kwa penseli juu ya goti. Mafuta yametiwa kwa kufuata uzito tulioandika. Mifuko ya posta haishuki. Vikapu vikibaki vyote, bado tumezidi. Akamwambia Elija, Elija akanijia.

"Maalim, sijui niseme vipi."

"Sema."

"Mmoja abaki. Na si mmoja yeyote."

Wote wakanitazama, kuanzia chini kwenda juu.

Nikasema twende wote ama turudi wote. Nikasema watupe ndege nyingine. Elija akajibu kuwa ya wiki ijayo imejaa, na ya wiki ile nyingine hajui. Nikasema basi tutangoja, hakuna mtu anayemwacha mamake, mkewe na bintiye wakapaa na wanaume wasiowajua, wakashukia nchi ya watu bila mwanamume wao. Nilisema kwa nguvu. Nilimsikia Khalfani mdomoni mwangu, nikaendelea.

Mwanaisha alikuwa akikunja ile kanga. "Baba Saumu, mwaka jana uliandika nini?"

"Ile ilikuwa makala."

"Basi leo iwe safari."

Nikaanza kuikosoa makala yangu mwenyewe. Mimi. Rubani alitazama saa. Mama hakuwa akitusikiliza tena. Alikwishaondoka, anavuka uwanja peke yake na bahasha ya barua ya dada yake mkononi. Penye ngazi alivua viatu, akavishika, akapiga hodi kwenye ubavu wa ndege, kama mtu anayeingia kwa wenyewe. Kisha akapanda.

Mwanaisha na Saumu wakamfuata. Nilitaka kusema neno la kuagana, nikasema, "Msikae karibu na mlango." Hilo ndilo nililopata, mtu wa vitabu.

Wamepaa. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Elija alinitafutia lori la mafuta la kunirudisha, akanipakilia vikapu. Nimeshuka Jomvu nimepakata kinu.

Nimeaibika. Nina wivu. Naogopa.

Alhamisi, 19 Agosti

Hakuna simu ya maandishi. Nimekwenda posta asubuhi, nimekwenda adhuhuri. Karani wa posta sasa akiniona hutikisa kichwa kabla sijaingia.

Wenye mizigo wamekuja kuchukua vitu vyao. Bi. Zuhura alimnusa papa wake, akanitazama tumbo, akaondoka. Mwenye kinu amesema atangoja ndege nyingine. Nyumba imekuwa tupu, haina hata harufu.

Nimepika wali. Umeungua chini na mbichi juu. Nimeula.

Ndege ile ilikuwa ndogo mno. Mlango wake ulifungwa kwa kitasa kama cha kabati. Najilaumu kwa kuwaacha waende, kisha najilaumu kwa kuwazuia. Kitabu nilichofungua kimebaki ukurasa mmoja tangu asubuhi.

Ijumaa, 20 Agosti

Baada ya sala Khalfani aliinua sauti ili wa mwisho asikie. "Maalim kawarusha wanawake, yeye kabaki kulinda nazi."

Nilimjibu. Nilikuwa na hoja kumi na nikazitoa zote. Nikamtajia wanazuoni walioruhusu, nikamtajia bibi zake mwenyewe waliokwenda Lamu kuuza mikeka bila mlinzi. Wazee wawili walitikisa kichwa kuniunga mkono. Khalfani akatafuta viatu vyake. Nilishinda.

Njiani raha yote ikanitoka. Pale kiwanjani uamuzi ungekuwa wangu peke yangu, ningewarudisha nyumbani, na Bi. Mize angepofuka hajamwona nduguye. Mwanaisha ndiye aliyeiamini makala yangu. Mimi niliiandika tu.

Saa kumi baiskeli ilisimama nje. Elija. Kaja toka Changamwe kwa jua lile, shati jeupe limeshika mgongoni. Ndege imerudi leo, rubani kamwambia walifika salama juzi ile ile. Simu ya Mwanaisha haikufika, Mungu ajua iko wapi. Rubani kasema bibi mzee aliketi kimya njia nzima akitazama chini. Ilipotua Tanga aligoma kushuka, akisema anajua Unguja ilivyo na hii siyo. Bahari yote ile chini yake, hakutapika.

Nikamkaribisha Elija ndani. Chai niliipika vibaya, akainywa. Nilimwuliza kwa nini kasumbuka. "Mamako alinilisha, Maalim."

Alipoondoka nikamwandikia mhariri upya. Mstari wa kibaraka autoe. Ya kampuni yabaki yote, kila neno.

Jumamosi, 28 Agosti

Barua kutoka Unguja. Mwandiko wa Saumu, maneno ya mama, na mengine Saumu kayatia yake.

Bi. Mize alimwona. Asubuhi ya kwanza, jua lilipoingia mlangoni, alimvuta mama mpaka kizingitini, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akasema, "Umezeeka vibaya." Mama akamwambia ajitazame mwenyewe kwanza. Wakagombana mpaka adhuhuri ni nani aliyemwibia mwenzake hereni walipokuwa wasichana. Mwanaisha kawapikia wote wawili, anasema hajachoka hivi wala kupumzika hivi maisha yake.

Tangu hapo ndiyo kazi ya kila asubuhi. Jua likifika mlangoni mama hukalishwa kigodani, atazamwe mpaka kivuli kirudi. Kila siku, asema, dada yake humsogelea zaidi kidogo. Jana pua ziligusana.

Mama analalamika. Uso umemchoka kwa kutazamwa. Lakini mwezi huu hatarudi, na mwezi ujao hajui. Ameuliza kama nitaweza kukaa peke yangu.

Nimeandika jibu kurasa tatu. Nimelisoma, nikalichana.

Nimeandika jingine: Mama, kaa utazamwe.